Nileteeni Barabara

Soko la Khayega,
Kakamega.
20 Novemba 2025

Dada Winrose, Mama amepanda baiskeli. Mama wetu, yule yule, ameketi kwenye karia kiupande, leso ameibana magotini, amepita katikati ya soko la Khayega watu wote wakitazama, na aliyekuwa akikanyaga pedali si mwanamume wa mtu yeyote, ni mimi Jescah mdogo wako. Nimesema. Sasa naweza kupumua.

Hebu nikusalimu kama watu. Hujambo dada? Shemeji Onesmus hajambo, na mgongo wake umekubali kunyooka? Mahindi mmeshavuna, ama mvua bado inawachezea? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja, alizaa ndume ama mtamba? Sisi huku Mungu anatuangalia. Kikohozi cha Lazarus kimeisha. Natasha amekuwa wa pili darasani, na huyo wa kwanza ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Utauliza kwa nini naandika barua na simu ninayo. Dada, kwenye simu unanikatizanga. Nikitoa neno moja wewe umeshatoa gunia, na mwisho tunaagana tukiwa tumezungumza habari za kuku wako peke yake. Barua huwezi kuikatiza. Tena Mama mwenyewe amekataza habari hii isipitie kwa simu, maana anakujua. Anasema ukisikia kichwa chake, kabla hujafikiwa na mkia utakuwa barabarani na pikap. Ndiyo maana nampa Kibet, yule dereva wa lori la mahindi, na nimemwambia asikupe mpaka akuone umeketi. Keti basi.

Unakumbuka Pasaka tulipokutana kwa Mama, wewe na mimi na ndugu yetu Elkanah alipopata ruhusa kule kiwandani Butali. Wewe ndiwe uliyeanza. Ulisema Mama amekuwa mtu wa ndani, haendi kanisani, haendi sokoni, jumuiya yake ya akina mama ameiacha, na wanawake wengine wanalalamika kwamba siku hizi ana maringo, anapitwa njiani na hasalimii. Ukasema uzee umembishia hodi na haifai kumwacha peke yake huko ng'ambo ya mto. Elkanah naye akatoa hukumu kama chifu. Mkishavuna huko Lugari, pikap ya shemeji ije, ibebe kitanda, kuku na Mama mwenyewe, akaishi kwako, nyumba ifungwe. Mimi sikubisha. Nilifurahi hata, nikisema sasa Mama atakula mahindi ya walio nacho. Na Mama hakubisha. Alikuwa anapangusa meza, mahali pale pale, anapangusa tu. Tukasema basi, amekubali.

Dada, hakuwa amekubali. Lakini siwezi kukueleza alichokuwa akinyamazia bila kwanza kukupitisha kwenye baiskeli, maana ni baiskeli iliyotupeleka huko.

Unamjua Baba Natasha. Wakati ule boda boda zilikuwa za kukanyaga, hakukuwa na mguu wa kushinda wa Ignatius kutoka Mukumu mpaka mjini Kakamega. Mimi mwenyewe nilikuwa abiria kabla sijawa mke, nawe ulinicheka ukisema nimeolewa na mgongo, kwa sababu ndio nilikuwa naangalia njia nzima. Pikipiki zilipokuja akawa fundi wa baiskeli hapa kwenye kona, lakini ile baiskeli yake nyeusi hakuiuza. Natasha alipozaliwa, kila Jumamosi tulikuwa tunapanda, yeye mbele, mimi nyuma, mtoto mgongoni mwangu. Lazarus alipokuja, Baba Natasha alimtengenezea kiti kidogo cha mbao akakifunga kwenye chuma cha mbele, Natasha akahamia katikati yetu kama siagi kwenye mkate. Nakuambia hakukuwa na familia iliyopangwa vizuri barabarani kama yetu. Watu wa magari walikuwa wanapunguza mwendo watuangalie.

Tulikuwa tunaenda mpaka ukingo wa msitu watoto waone kima. Lazarus ndiye mwenye kengele, na alikuwa hapigii watu, anapigia ng'ombe, kila ng'ombe, kuwasalimu. Njia ya kurudi alikuwa analala, kichwa kinaanguka mbele, na babake anashika usukani kwa mkono mmoja na paji la mtoto kwa mkono wa pili, tukiteremka namna hiyo hadi mtoni bila mtu kuamka. Siku nyingine mvua ilitupata tukajibanza chini ya upenu wa duka lililofungwa, tukagawana hindi moja la kuchoma, na Natasha akauliza kama mvua nayo ina baiskeli, mbona inatufuata kila tunakoenda. Mtoto wa miaka minne. Mimi namwambianga mwalimu wake kwamba hiyo akili haikutoka shuleni.

Basi mwaka jana nikafungua kibanda changu cha chapati, ambazo nasikia hata watu wa Khwisero wamezisikia, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Nikakosa nafasi. Nikamwambia Baba Natasha awapeleke watoto, yeye na wao tu, nami nitaungana nao siku za mbele. Miezi ikapita ikawa ndiyo desturi.

Halafu watoto wakaanza kubadilika. Dada, si vibaya, ila kwa namna iliyonikaa kichwani kama mbegu ya pera kwenye jino. Zamani walikuwa wanarudi na hadithi zao wenyewe, nani alilia, nani aliona nyoka. Sasa wakawa wanarudi na hadithi za barabara. Lazarus, wa miaka mitano, anaingia mlangoni ananiambia Mzee Osundwa amepaka mlango wake rangi ya bluu, ubao wa tatu wa daraja umebadilishwa, kwa Mama Kipruto wameanika maharagwe mekundu na ndama wao amefungwa upande wa choo. Namwuliza nani kamwuliza. Ananiangalia kama vile mimi ndiye mtoto. Na halali tena njiani. Babake mwenyewe aliniambia, mtoto anakaa macho wazi mpaka yanatoa machozi kwa upepo.

Nikaona nimezaa mahakimu. Nikamwambia Adhiambo, jirani yangu wa samaki, kwamba mume wangu anafundisha watoto kwa njia ya kisasa, anawanoa wakiwa wadogo. Adhiambo alicheka mpaka akashika meza ya chapati zangu. Akaniambia mwanamume hafundishi watoto kusoma barabara bure. Ama anatafuta shamba, ama ameshapata mwanamke wa kulilima. Nikamjibu kwamba Ignatius hana muda wa mwanamke wa pili kwa sababu wa kwanza anamtosha watu wawili. Tukacheka. Lakini akisha kwenda nikabaki nikigeuza chapati moja mpaka ikawa mkaa.

Kwa sababu, dada, kulikuwa na jambo lingine. Walikuwa wanarudi wameshiba. Natengeneza obusuma, naweka mboga, Natasha anachezea tonge kama bibi arusi. Namwuliza Lazarus wamekula wapi, ananijibu, kwa barabara, na Natasha anamfinya chini ya meza. Namwuliza baba yao, anasema mnyororo umelegea, na anatoka nje kuushughulikia. Ule mnyororo ulilegea Jumamosi zote za mwezi wa Agosti.

Sikuwa na hasira. Nataka uniamini. Nilikuwa nataka tu kujua, na wewe unanijua nikitaka kujua. Jumamosi moja nikamwachia Adhiambo jiko, nikasubiri baiskeli ipotee kwenye kona, nikafunga leso mbili kiunoni na kushika njia ya mkato ya kwenye mikaratusi. Niliteremka, nikavuka mto, nikapanda, na kila hatua nilikuwa namtengenezea huyo mwanamke sura. Mara ni mnene, mara ni mwembamba. Nilipofika juu nikaona baiskeli imeegemezwa kwenye ua wa kwetu. Wa Mama. Nimejiandaa kwa vita na uwanja wenyewe ni nyumbani kwa mamangu.

Baba Natasha alikuwa ameketi nje ya ua kwenye jiwe, ameipa nyumba mgongo kama inavyotakikana kwa mkwe, kikombe cha chai mkononi, ambacho bila shaka kililetwa na mtoto. Hakuniona. Nikazunguka nyuma kwenye migomba mpaka ukuta wa jikoni, nikasimama. Nisingesimama ningefanya nini?

Nikamsikia Mama akisema, haya, nileteeni barabara.

Ndivyo alivyosema. Na wale watoto wangu wakaanza, mmoja anatoa, mwingine anaongeza, kutoka kona ya fundi mpaka kwenye ua wa Mama, hakuna kilichorukwa. Mama anauliza kama mlango wa Osundwa rangi imekauka. Anauliza maharagwe ya Mama Kipruto bado yako nje ama wameyapiga. Anauliza maji ya mto yamefika wapi kwenye lile jiwe. Natasha akisema jambo, Lazarus anasahihisha, na Mama anawaambia polepole, polepole, barabara haikimbii. Kisha akauliza mama yao leo amevaa nini. Natasha akasema lile gauni la kijani lenye maua. Mama akacheka akasema kumbe bado analivaa hilo, halijaoza tu.

Nilijiangalia. Ni kweli nilikuwa nimelivaa.

Nikajiuliza huu ni mchezo gani. Kabla sijapata jibu akaingia huyo huyo Mama Kipruto wa jumuiya, amekuja kumwona, na mwavuli wake kwapani. Na Mama, dada, Mama aliyetupiga kwa kudanganya kuhusu sukari, akamwambia kwa sauti nzima kwamba amepita akaona Osundwa amepaka mlango bluu, uzee wake umeanza kupenda mapambo. Akamwambia nimeona maharagwe yako ni mazuri, lakini myapige kabla mvua haijarudi. Mama Kipruto akacheka, akashangaa, akasema kumbe Mama bado anatembea, watu wanasema uongo tu. Mimi huko nyuma nimeshika ukuta. Mama hajavuka ule ua tangu Pasaka. Alikuwa ameona wapi?

Mama Kipruto alipoondoka nikatoka mafichoni, nikazunguka mbele, nikasimama mlangoni bila kusema neno. Nilitaka ashtuke tucheke. Jua lilikuwa nyuma ya nyumba, mlango una mwanga wa kutosha. Mama akainua uso akaniangalia moja kwa moja, macho kwa macho, karibu kama vile karatasi hii ilivyo karibu na mkono wangu. Akatabasamu. Akasema, umesahau mwavuli wako, Mama Kipruto?

Natasha aliniangalia akaweka kidole mdomoni.

Dada, nilirudi nyuma kidogo kidogo mpaka nje ya ua, kwa Baba Natasha. Aliponiona hakuuliza nimefikaje. Akaweka kikombe chini, akageukia majani ya ua, akayaambia hayo majani, si mimi, yaliyomfika.

Wewe unajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Mama wakati wake wote akimwona Ignatius kwa mbali anaacha njia, anaingia kwenye mahindi ya watu, anajifunika leso mpaka apite. Tulikuwa tunamcheka kwamba ana macho ya mwewe kwa mkwe wake. Sasa mwanzoni mwa mwaka, Ignatius alikuwa anasukuma baiskeli kwenye ile njia nyembamba karibu na kisima, akamwona Mama anakuja. Akasimama, akisubiri ageuke. Hakugeuka. Akapiga kengele. Mama akasema asante mwanangu, pita, na akazidi kuja, katikati ya njia, mkono mbele, moja kwa moja kifuani kwake. Ignatius akajirusha mtaroni, yeye na baiskeli, akalala kwenye matope bila kupumua mpaka Mama akapita. Pindo la leso yake lilipita juu ya gurudumu.

Yeye akiwa pale chini ndipo alipojua, wakati sisi watoto wa tumbo lake, tuliokunywa chai naye Pasaka, tulisema ni uzee na wengine wakasema ni maringo.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akaniuliza angeniambiaje. Aseme mamako karibu anikumbatie? Akasema macho ni mwili, na mwili wa mama mkwe haupiti kinywani mwa mkwe. Lakini watoto ni wajukuu, wao hawana mwiko. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata aliwaleta, akawaambia tu waingie wamweleze kukhu wao waliyoyaona njiani. Mengine hakuwaambia. Natasha aliyajua mwenyewe, siku alipompa kikombe akaona mkono wa kukhu unakitafuta hewani. Na kukhu akamwomba asiseme. Mtoto wangu wa miaka minane ametunza jambo hilo, na mimi mamake siwezi kutunza hata bei ya vitunguu.

Sasa nikaingia kwa sauti yangu, nikasema Mama, ni Jescah. Nikakaa chini karibu naye. Hakuuliza nimejuaje. Aliuliza kitu kimoja, kama Winrose anajua.

Nakuandikia maneno yake, na usilie, maana Kibet atakuwa amesimama hapo. Alisema Winrose ni mwema, na nyumba yake ni kubwa. Alisema hapa kwangu najua kila jiwe, najua mlango unafungukia upande gani, najua kuku gani ni yupi kwa kulia kwake, hapa mimi bado ni mwenye nyumba. Huko Lugari nitakuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka chooni. Watoto wa Winrose nitawajua kwa harufu ya sabuni. Akasema nyanya yetu alikufa haoni, kwa hiyo na yeye alijua zamu yake imefika, na hospitali alikataa kwenda kwa sababu daktari akisema ni kipofu, pikap ingekuja wiki hiyo hiyo. Alitaka tu mvua moja zaidi nyumbani kwake. Ndiyo aliyokuwa akiyasema Pasaka, alipokuwa anapangusa ile meza. Alikuwa anaipapasa, dada. Alikuwa anaiaga.

Nilimwambia, Mama, si kila asiyeona ameshafungiwa mlango. Kuna madaktari wa macho wanaokuja kwenye hospitali ya misheni, twende wakuangalie, na mimi sitasema kitu kwa mtu mpaka wewe useme. Alikataa. Nikakataa kukataa kwake. Mwisho akasema atakwenda, lakini si kwa pikipiki wala gari. Kitu kinachokimbia kuliko maneno ya watoto sikipandi, ndivyo alivyosema. Anataka kujua yuko wapi kila hatua.

Ikabaki baiskeli. Na kwenye baiskeli ya Ignatius hawezi kukaa, angeona bora afe, na Ignatius naye angekufa pamoja naye. Elkanah yuko Butali. Basi wote wakanigeukia mimi, mtu aliyepanda baiskeli maisha yake yote na hajawahi kugusa pedali.

Nilijifunza kwenye uwanja wa shule, watoto wakinisukuma, Baba Natasha akikimbia kando anashika kiti. Nilianguka mahali pote penye kuangukika. Niliingia kwenye goli la mpira bila mpira. Adhiambo alileta kiti chake akaketi ukingoni na samaki zake, akawa ananiuliza, Mama Natasha, unafukuza nini, ama ni nini kinakufukuza? Wazee wakasema mwanamke mwenye watoto na kibanda anatafuta nini juu ya chuma. Lakini unajua mimi nikiamua. Siku nilipouzunguka uwanja wote bila kushikwa, Lazarus alinipigia kengele, na nikaona nimepandishwa cheo, maana nimehesabiwa pamoja na ng'ombe.

Basi siku yenyewe ikafika. Nilimweka Mama kwenye karia ya baiskeli tuliyoazima, nikamwambia anishike kiuno. Natasha alikuwa upande wa kushoto kwenye kibaiskeli ambacho babake alikiunganisha kutoka vipande vya kibandani. Baba Natasha alitangulia kwenye ile nyeusi na Lazarus, naye hakutaka kuwa karibu, anakimbilia kona mbele ya kona ili mama mkwe asimwone. Nilimwambia kwamba Mama haoni. Akasema hata kama. Lazarus alikuwa ameketi nyuma ya babake akituangalia sisi, na anapaza sauti barabara yote: kukhu, shimo, kukhu, jiwe, kukhu, sasa daraja, kukhu, mbuzi watatu na mmoja ana kamba. Natasha anajaza yaliyosalia kwa sauti ndogo. Na Mama nyuma yangu anaitikia kila kitu, ndiyo, ndiyo, na mikono yake imenibana kiunoni kama vile mimi nilivyokuwa nikimbana yeye nikiwa mdogo mgongoni. Mlimani nililia kwa kuchoka na sikusimama. Tulipofika soko, watu waliacha kununua. Mama Kipruto aliweka kikapu chini. Mama akanyoosha shingo akamwambia, nimekuona.

Madaktari walisema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Ni utando tu, dada, unaotolewa. Miezi yote hiyo tulikuwa tunangojea pikap na kumbe ni utando. Walimfanyia jicho moja, wakalifunga, akalala hapo hospitali nami kando yake.

Asubuhi nesi alimfungua akamwambia afumbue taratibu. Nilikuwa nimejipanga mbele yake na lile gauni la kijani ili mimi niwe wa kwanza, watoto pembeni wameshikana mikono. Mama akafumbua. Macho yakatupita. Yakatoka dirishani mpaka langoni, ambako Baba Natasha alikuwa amesimama na baiskeli akitungojea, mbali, kama kidole hivi. Mama alishtuka, akavuta shuka, akajifunika uso mzima.

Nesi akafikiri anaumwa. Sisi tulikuwa tunacheka na kulia, hata nesi mwenyewe hakujua amshike nani.

Akiwa bado ndani ya shuka akaniambia, Jescah, hilo gauni litupe.

Sasa nakuja kwa yanayokuhusu. Jicho la pili wanalifanya wiki ijayo, na Mama amenipa ruhusa nikueleze yote, wewe na shemeji na Elkanah pia, ambaye nimemwandikia fupi kwa sababu hapendi kusoma. Amesema pikap ije. Ila isije tupu kubeba kitanda, ije imejaa mahindi. Lugari atakuja kutembea, ameketi mbele karibu na dirisha, akuone na mashamba yenu, kisha mtamrudisha kwake. Mimi na Elkanah tumeshakubali. Umebaki wewe. Najua unaumia kwamba alikuficha, na mimi niliumia. Lakini hakuwa anakukimbia wewe, dada. Alikuwa anashikilia mlango wake.

Wasalimu wote huko, na watoto wako uwaambie mama yao mdogo siku hizi ana miguu ya chuma. Baba Natasha anamsalimu shemeji. Lazarus anauliza kama ng'ombe wa Lugari wanasalimika. Ingokho, yaani kuku wa kuwachinjia, wameshachaguliwa, wenyewe hawajui.

Mtakapofika, Mama ameagiza mtu asipige hodi wala asitaje jina lake. Mwingie mmoja mmoja, msimame mlangoni kimya, hata Elkanah na mdomo wake. Anataka kuwaangalia kwanza, aseme mwenyewe huyu ni nani na amezeeka kiasi gani. Wewe ndiwe wa kwanza kuingia, amesema hivyo. Tunawangojea nyote Jumamosi, tarehe kumi na tatu Disemba.

Ni mimi mdogo wako, dereva wa Mama,

Jescah